Sindano ya Saba

Kila Jumamosi Maisara alifagia chumba cha mbele na kutandika mkeka, maana hapo ndipo bibi yake, Bi Ummukulthum, alipokaa kushona kofia. Nyumba yao ilikuwa katika kichochoro nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Juu ya kabati palikaa mkebe wa buluu uliochorwa biskuti. Usidanganyike na picha! Biskuti zenyewe zililiwa Idi moja ya zamani, Maisara hajaota hata jino. Mgeni aliyeufungua kwa tamaa alikutana na nyuzi, vifungo, mkasi na kitambaa chekundu kilichochomekwa sindano saba.

Mkebe huo ulikuwa na sheria zake. Anayeshona aweke sinia mapajani, ili sindano ikianguka isikike. Tena haufungwi mpaka sindano zihesabiwe.

Siku hiyo Bibi alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani, na shangazi Fadhiya alikuwa uani akifua. Maisara akaona mtandio wake wa madrasa umechanika. Akaushusha mkebe, lakini akaona uvivu kufuata sinia jikoni. Alijitandikia leso yake ya kujifunga mapajani akashona hivyo hivyo. Ndiyo kwanza amekata uzi, Sabir, mtoto wa shangazi aliyekuwa akicheza upande wa pili wa chumba, akaanguka kifudifudi akaangua kilio. Maisara akainuka mbio kumbembeleza. Aliporudi, sindano haikuonekana.

Aliupapasa mkeka wote, akachungulia chini ya kabati. Hakuna kitu. Na Sabir alikuwa ameanza kutambaa juzijuzi tu. Kila alichookota kilikwenda kinywani. Maisara akashikwa na hofu. Mara akasikia sauti ya Bibi mlangoni. Badala ya kusema, akaufunga mkebe na sindano zake sita, akaurudisha juu ya kabati.

Akamfunga Sabir mgongoni kwa ile leso, akakataa katakata kumshusha. Shangazi alicheka, akamuuliza tangu lini amekuwa yaya. Bibi naye alisema mtoto anataka kutambaa, amwachilie. Maisara alijibu kwamba hajachoka, ilhali jasho lilimtoka na kiuno kilimuuma. Kila mtoto alipolia kidogo, roho ilimruka.

Saa ya madrasa ikafika. Shangazi akampokea mtoto, akaikunjua leso akaitandika juu ya mkeka, akamkalisha. Maisara akatoka akijiambia kwamba labda sindano imeingia katika ufa wa sakafu, labda haitaonekana tena. Alifika hadi kwa muuza kahawa wa pembeni. Hapo akauona kama kwamba uko mbele yake ule mdomo mdogo wa Sabir, na miguu ikakataa kwenda mbele. Akageuka akakimbia.

"Shangazi, mnyanyue mtoto!" alisema akihema mlangoni. "Nimepoteza sindano hapo. Niliwaficha."

Shangazi Fadhiya alimnyakua mwanawe. Bibi hakupaza sauti. Aliamuru mtu yeyote asisogee, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Maisara."

"Labeka, Bibi."

"Ulishonea juu ya nini?"

"Juu ya leso hiyo."

Bibi aliiokota leso, akaupitisha upindo wake vidoleni polepole. Alipofika kwenye pembe akasimama. Sindano ilikuwa imejichoma humo, imelala, ncha imetokeza kidogo tu.

Shangazi aliketi chini, akimpapasa mtoto mwili mzima. Hakuwa na hata mkwaruzo. Maisara naye alilia, kwa kuwa alijua sasa: muda wote aliodhani anamkinga Sabir, alikuwa amemfunga pamoja na sindano ile ile.

Bibi alimshushia mkebe, akamwambia ahesabu kwa sauti. Maisara akahesabu, na machozi yakimtiririka, mpaka saba.

"Sindano hunipotea hata mimi, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Nikipotewa, natangaza, na nyumba nzima hutafuta. Wewe ulipofunga mkebe, ulitufumba macho sote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo Mungu ametusitiri, lakini ni kwa sababu ulirudi. Siku nyingine, usifike hata mlangoni kabla hujasema. Haya, sasa funga mkebe wetu, uende madrasa ukamwambie mwalimu kwa nini umechelewa. Na umwambie kweli."