Kanda ya Harusi ya Fundo

"Kanda imelowa maji ya bahari," ilisema sauti kwenye Nokia. "Labda itacheza mara moja tu. Ihamishe kwenye diski. Mkuu wa magendo ukimtambua, nitajie. Ndege ya kuichukua diski inaondoka saa kumi."

"Nimefahamu, Mzee."

Buthaina alikata simu. Ilikuwa saa nane mchana, mwaka 2005, Madungu, Chake Chake. Mtaa mzima ulimjua kuwa ni Bi Buthaina wa video za harusi. Idara ya usalama ilimjua kwa jina la Namba Tisa.

Kanda ilikuwa ya Mwatum, shoga yake na mpigapicha wake. Alikwenda kisiwani Fundo kurekodi harusi, upande wa wanawake. Wavuvi walimkuta ufukweni amekufa, kanda kaifunga kwenye pindo la kanga.

Alitia kanda kwenye kamera ya Sony, akachomeka waya kwenye rikoda ya Panasonic, akatia diski tupu. Sauti akaizima. Taa nyekundu ikawaka.

Kazi hii haina njia ya mkato. Kanda ya dakika arubaini huhama kwa dakika arubaini, nawe ukae uitazame.

Mlango wa duka ukafunguliwa.

Ghassan. Mchumba wake, mfanyabiashara wa Wete. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao.

Aliwaona wanawake vichwa wazi wakicheza kwenye televisheni. Papo hapo akageuka, akavuta kiti, akakaa uso ukutani.

"Harusi ya wanawake hiyo?"

"Ya wanawake."

"Basi sitazami miye wake za watu. Fanya kazi yako weye, n'takungoja."

Buthaina alitabasamu. Kwa mambo kama haya ndiyo maana alimpenda.

Dakika ya thelathini na sita, wanawake wakatoweka. Mwatum alikuwa ameielekeza kamera dirishani. Ufukwe. Boti ya kasi. Magunia ya karafuu yanapakiwa, masanduku yanashushwa na kuingizwa bandani. Moja likafunguliwa.

AK-47, mpya.

Mwanamume mmoja alichukua bunduki, akaikagua, akainua uso.

Ghassan.

Aliiona kamera. Akanyoosha kidole, akawaamuru wenzake. Wawili wakaja mbio. Picha ikatikisika, ikazima. Ndani ya kamera, kanda ikakatika.

"Nimekuletea haluwa ya Wete," alisema Ghassan, uso bado ukutani. "Ile uipendayo."

Rikoda ilianza kuifunga diski. Dakika nne. Akichomoa plagi kabla haijafungwa, diski haitasomeka, hakuna atakayejua kitu, na Ghassan atabaki wake. Mkono wake ulikuwa kwenye plagi. Alimpenda. Hata sasa alimpenda.

Lakini Mwatum alimwamini nani mwengine?

Akauondoa mkono. Diski ikatoka, akaitia mkobani.

"Ishamaliza?"

"Bado. Wanawake wapo bado. Kaa hivyo hivyo, nafika nje mara moja."

"Haya. N'takungoja."

Barabarani alipiga simu.

"Namba Tisa. Silaha zimo bandani, Fundo, nyuma ya nyumba ya harusi. Mkuu wao ni Ghassan Thabit."

"Mchumba wako, mwanangu?"

"Ndiye."

"Vijana wanavuka kwenda Fundo sasa hivi. Yeye yuko wapi?"

"Dukani kwangu. Kaelekea ukutani. Hatageuka mpaka nimwambie."

Akavaa miwani nyeusi, akawasha Vespa, akashika njia ya uwanja wa ndege kwa mwendo wa kawaida. Alilia njia nzima.