Tambi za Mama Mkwe na Mtoto Mpole

Walisema maziwa ya mzazi aliyelia ndani ya mwezi wake wa kwanza wa uzazi hugeuka maji. Niliyasikia hayo karakanani, nikiwa bado na mimba, nikishona mifuko ya makoti. Nikacheka. Lakini nilipojifungua nililia, na maneno yale yakagoma kunitoka kichwani.

Sisi ni Wachina wa Wenzhou, tunaishi Prato, Italia. Tunalala juu, tunashona chini. Mama mkwe alikuja kwa ndege kunitunza mwezi ule. Alifunga madirisha. Alinikataza maji baridi. Kila mlo alinipikia tambi za tangawizi.

"Kula, Suqiu. Zinatoa baridi mifupani."

Nilikula. Mwanangu Yuyan alikuwa mtu wa usingizi. Akishika titi ananyonya kidogo, anasinzia. Nikimtekenya nyayo, anafumbua jicho moja, analifumba.

"Mtoto mpole huyu," alisema mume wangu, Zhongyi.

"Upole gani? Hamna kitu mle," alisema mama mkwe. "Si ulilia? Sasa ni maji matupu."

Akakoroga maziwa ya kopo. Yuyan akazoea chupa, na matiti yangu yakazidi kulegea. Nilichoka mpaka kuchana nywele nikaona kazi.

Ndipo mama mkwe akasema, "Kama ni kopo, hata Wenzhou lipo. Nikirudi naondoka naye. Nyinyi shoneni. Akifikia umri wa shule mtamchukua."

Zhongyi alitazama sakafu. Wenzetu wengi wamefanya hivyo. Nimewaona watoto wao wakirudi, wakiwaita mama zao shangazi.

Siku ya mkunga kututembelea ikafika. Anaitwa Lanfen, mwenzetu, ila amekulia hapa. Alimpima Yuyan, akakunja uso: uzito haukupanda vizuri. Mama mkwe akamwekea mgeni bakuli la tambi. Lanfen alionja mchuzi, akasita.

"Shangazi, humu mna pombe?"

"Ya mchele. Ndiyo dawa yenyewe. Na yako nimepunguza, maana umekuja na gari."

"Kumbe humu ndani kuna walevi wawili," alisema Lanfen. "Mama na mtoto."

"Ikichemka si inaisha?"

"Haiishi yote. Inapita kwenye maziwa, mtoto anasinzia. Tena inazuia maziwa kutoka. Na titi lisiponyonywa, linaacha kutengeneza."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Bado, shangazi."

"Mimi wanne! Kwa tambi hizi hizi!"

"Wote walinyonya vizuri?"

Mama mkwe akafuta meza iliyokuwa safi. "Wa tatu alilelewa na mama yangu. Maziwa yalikatika."

Nikamuuliza Lanfen, "Na kulia je?"

"Machozi hayaharibu maziwa, dada. Ila ukilia kila siku niambie, tutafute msaada. Kopo tusilikate leo. Tutalipunguza polepole, huku nikimpima."

Tambi ziliendelea, bila pombe. "Chakula cha wagonjwa," mama mkwe alinung'unika, lakini alipika. Yuyan akaamka. Alilia mpaka mafundi chini wakamsikia.

"Mpole wako huyo," nilimwambia Zhongyi.

Haikuwa rahisi. Chuchu ziliuma mpaka Lanfen aliponionyesha kungoja mtoto apanue kinywa. Nilimlaza kifuani, ngozi kwa ngozi. Zhongyi alishona sehemu yangu ili nilale. Maziwa yalirudi polepole, na nepi zikaanza kulowa kama inavyotakiwa.

Mama mkwe aliondoka na sanduku lake tu. Mlangoni alimshika Yuyan shavu. "Umenenepa, mlevi mdogo," alisema, akageuka haraka.

Mama mwenzangu, bado nina uchovu, lakini nakuandikia. Epuka haya:

Pombe kwenye mchuzi, hata ikiitwa dawa.

Kuanza na chupa kabla ya titi.

Kumsifu mtoto mchanga kwa upole wakati hanyonyi. Mwamshe. Asipoamka vizuri, mpeleke zahanati.

Kukata kopo ghafla bila mkunga kujua.

Kufanya kila kitu peke yako.

Kuamini maneno ya karakanani bila kuuliza.

Kukubali mtoto apelekwe mbali kabla hujamuuliza mkunga.