Maneno Chini ya X

Lukresia Bujiku alikuwa amekasirika hata kabla hajampata mtu wa kumkasirikia. Treni kutoka Tabora ilikuwa imechelewa kwa saa tano, jua la Shinyanga lilikuwa linachoma utosini, na yeye alikuwa ametumwa stesheni kuchukua katoni mbili za karatasi za stensili, zile za kudurufia. Watu walibanana na magunia ya dengu, kuku waliofungwa miguu na watoto waliochoka kulia. Alivaa gauni la maua ya njano alilolishona dada yake kule Nyahanga, na viatu vyeupe. Ghafla mtu akashusha sanduku la mbao juu ya kiatu kimojawapo.

"Kaka, ondoa sanduku lako kwenye mguu wangu."

"Samahani dada, sikuangalia chini. Humu mna kompyuta, nilikuwa naogopa isianguke."

"Kwa hiyo bora uvunjike mguu wangu."

"Mguu huungwa, dada. Hii ikivunjika, hapa Shinyanga hakuna wa kuiunga."

Lukresia alimtazama. Kijana mrefu, shati jeupe limelowa jasho, suruali pana chini ya aina ambayo mjini watu walikwisha kuacha kuivaa. Alitaka kumtukana vizuri, lakini kicheko kikamtoka kwanza, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Unaipeleka wapi hiyo kompyuta yako?"

"Mradi wa Mbegu Bora. Unapajua?"

Alipajua. Alikuwa akipiga chapa barua za ofisi hiyo kwa miaka tisa.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa themanini na saba, habari za kompyuta ofisini zilipokewa kama habari za mgeni anayekuja kukaa chumbani mwako. Meneja Stanslaus Masele aliwaita wapiga chapa wote watatu akawaambia bila kuzunguka. Mashine inahitaji mtu mmoja. Huyo atakwenda Dar es Salaam kusomea kwa miezi sita. Wawili watakaobaki watahamishiwa ghala la mbegu za pamba Bugarama, kuhesabu magunia. Lukresia, mwenye vidole vilivyokwenda kasi kuliko mtu yeyote mkoani, alijiona tayari na vumbi la pamba puani.

Kijana wa sanduku aliitwa Ansgar Kalisti. Kwao Ushirombo, alisomea ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu ya kuandikia barua kwa Kiswahili ndani ya kompyuta ile. Alipewa chumba namba tatu, na chumba hicho kilikuwa na simu ya ndani. Siku ya nne simu ikalia kwa wapiga chapa.

"Chumba cha wapiga chapa hapa," alisema Lukresia.

"Mwadila, mayu," Ansgar alimsalimu kwa Kisukuma. "Mguu unaendeleaje?"

"Bwana Ansgar, kati yako na mimi kuna ukuta mmoja. Ukitaka kujua habari za mguu, tembea."

Akatembea. Mama Clemens, mpiga chapa mkubwa kuliko wote, akainuka akasema anakwenda kunywa maji. Akayanywa kwa robo saa.

Ansgar alisimama nyuma ya kiti cha Lukresia akamtazama akifanya kazi. Meneja Masele alikuwa mtu wa kubadili mawazo. Asubuhi angekata sentensi, mchana akaitaka tena, na ole wake aliyeitupa. Kwa hiyo Lukresia hakufuta kitu kamwe. Alipiga herufi X juu ya neno lililokataliwa, akikigusa kitufe kidogo tu ili neno la chini lisomeke, kisha akaandika jipya juu yake. Rasimu zake zilikuwa chafu, lakini hakuna neno lililowahi kupotea ndani yake.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hasira. Nilifokewa mara tatu kwa kutupa alichosema nitupe. Mara ya nne nikasema basi."

"Mimi kwenye programu yangu ukifuta, limekwenda."

"Basi programu yako haifai kitu."

Ansgar alikuwa hajaambiwa hivyo tangu atoke chuoni. Kuanzia hapo kila jioni baada ya saa tisa na nusu walikaa mbele ya kioo cha kompyuta chenye maandishi ya kijani wakigombana. Lukresia alimwambia kitufe cha kufuta kimekaa karibu mno na cha kuhifadhi, kidole kikiteleza barua imekufa. Alimwambia neno lililokatwa libaki kwenye kioo, limepigwa mstari, mpaka mwenyewe aseme *Safisha*. Alimwambia pawe na *Rudisha*, kitufe kimoja, kisiulize maswali.

"Kisiulize hata 'una hakika'?"

"Mtu anayerudisha kitu chake aulizwe nini?"

Ansgar alicheka, akaandika hayo yote katika daftari lake. Juma la tatu alimshika mkono uliokuwa na wino wa kaboni, na Lukresia hakuutoa.

"Lukre, mpenzi, wewe ndiye uliyeibuni hii. Wageni wa wizara wakija kuikagua nitawaambia hivyo. Bugarama hutaiona."

"Usiniahidi kwa mdomo. Mimi ni mpiga chapa."

"Nitaandika."

Na kweli aliandika. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akamhurumia Lukresia kwa sababu isiyo ya kweli.

Jumatatu ya juma la wageni, tarishi alimletea Lukresia kurasa kumi na mbili zilizotoka kwenye printa, azikatie stensili kwa taipureta, zidurufiwe nakala arobaini. Kilikuwa kitabu cha maelezo ya programu. Alianza kwa furaha, akiyatambua maneno yake mstari kwa mstari. Ukurasa wa pili akafika hapa: *Njia hii ya kukata neno bila kulipoteza imebuniwa na Bw. Ansgar Kalisti, mtaalamu.*

Vidole vikasimama. Mama Clemens akainua kichwa, maana chumba kile hakikuzoea ukimya.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Napumzisha mkono."

Alikata stensili ile neno kwa neno kama alivyopewa, machozi ya hasira yakimdondokea kwenye mapaja. Angeweza kubadili jina moja na asingejulikana mpaka nakala zitoke. Hakubadili, kwa sababu katika miaka tisa hakuwahi kugusa neno la mtu mwingine, na hakutaka kuanza siku hiyo kwa ajili ya mwanamume. Alipomaliza akaenda chumba namba tatu akaufunga mlango.

"Kwa hiyo mkono wangu uliushika kwa ajili ya hili. Ulikuwa unachota mawazo yangu."

"Lukre, nisikilize. Niliandika jina lako, naapa. Meneja ndiye aliyesema litolewe."

"Yuko wapi anayeshuhudia?"

Ansgar alitia disketi kwenye mashine. Rasimu ikafunguka. Alikuwa hajaisafisha. Pale kwenye kioo jina lilionekana, *Bi. Lukresia Bujiku, mpiga chapa*, limepigwa mstari katikati, na juu yake jina la Ansgar mwenyewe. Alimgeukia kwa uso wa mtu aliyeokoka.

"Umeona? Lilikuwepo."

Lukresia aliinama karibu na kioo.

"Meneja anajua kutumia mashine hii?"

"Hajui."

"Hata kuiwasha?"

"Hata kuiwasha."

"Basi huu mstari nani kaupiga?"

Mpumbavu yule alikuwa amemletea mwanamke ushahidi wa kosa lake mwenyewe akitegemea shukrani.

"Meneja alisimama nyuma yangu," alisema Ansgar. "Akasema wizara haitatoa hata shilingi kwa mawazo ya mpiga chapa. Akasema toa hapo. Nikatoa."

"Mara ngapi alisema?"

"Mara moja."

"Mara moja tu," alisema Lukresia, sauti ikiwa chini kabisa. "Ningejua umeniibia kwa sababu wewe ni mwizi, ningekusahau kabla ya Krismasi. Lakini wewe uliliona jina langu, ukalisoma, ukaweka kidole. Na ulijua stensili nitaikata mimi."

"Sikufikiria hilo."

"Ndiyo. Hukunifikiria."

Simu ya ndani ililia mara sita siku iliyofuata. Mama Clemens aliipokea mara zote.

"Hayupo."

"Mama, shikamoo. Namsikia anapiga chapa."

"Marahaba. Hayupo kwako."

Alhamisi wageni wanne wa wizara walikaa ofisini kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, nakala mapajani. Wapiga chapa waliitwa kugawa chai. Lukresia alikuwa amevaa lile gauni la njano makusudi, kichwa juu, na alimpita Ansgar kama anayepita nguzo. Meneja Masele, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alimsifu mtaalamu kwa dakika kumi. Kisha mtaalamu akainuka kuonyesha.

"Nitatumia kitabu chenyewe kama mfano," alisema Ansgar. "Hii ni rasimu yake. Mnaona jina lililokatwa ukurasa wa pili. Nililikata mimi, kwa kidole changu, Jumamosi. Aliyebuni njia hii ni yeye, yule pale mwenye birika. Aliitumia miaka mingi kwa taipureta kabla mimi sijaja. Kilicho changu ni kuihamishia kwenye mashine."

"Bwana Kalisti," alisema Meneja.

"Na hiki ndicho kitufe cha *Rudisha*."

Akakibonyeza. Mstari ukaondoka, jina likasimama zima kwenye kioo. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, akageuza kiti chake kabisa.

"Binti, weka hilo birika. Hebu tuambie, kwa nini *Safisha* umeiweka mbali hivi?"

Lukresia akaweka birika. Alieleza kwa nusu saa, na chai ikapoa kwenye vikombe vyote.

Jumatatu barua ya mafunzo ilitoka kwa jina lake, kuanzia Januari, maana mama mwenye miwani alikuwa ameliandika kwenye daftari lake na Meneja alimwona akiliandika. Siku hiyohiyo Ansgar alipewa barua nyingine. Mkataba wake umekamilika, mradi unamshukuru. Alisoma mara mbili, kisha akachukua simu. Safari hii Lukresia alipokea.

"Chumba cha wapiga chapa hapa."

"Naondoka kesho na treni ya saa nne. Sikupigii kuomba unisamehe."

"Unapiga kuomba nini?"

"Nikuoe. Mjomba wangu yuko tayari kwenda Nyahanga kwa baba yako."

Ukutani, upande wa pili, Lukresia alisikia kiti kikisogezwa.

"Lete kwa maandishi," alisema Lukresia, akakata.

Ansgar aliandika kwa mkono, kurasa mbili, akazipenyeza chini ya mlango. Lukresia alizisoma mara nne. Bado alikuwa na hasira naye, hasira nzima, haijapungua hata kidogo. Na bado alimpenda. Hilo la pili lilimuudhi kuliko la kwanza.

Asubuhi stesheni ilijaa magunia na kuku kama siku ile. Alimkuta Ansgar kaketi juu ya sanduku lake la nguo.

"Mguu haumo chini yake," alisema Ansgar, akiinuka. "Nimeangalia."

"Usinichekeshe. Sijaja kucheka." Akamkabidhi karatasi iliyokunjwa. "Usome treni ikishaondoka."

"Lukre."

"Wabeja, ahsante kwa ulichofanya Alhamisi. Cha Jumamosi nakikumbuka pia."

Aliondoka bila kungoja filimbi, viatu vyeupe vikipita katikati ya magunia. Ansgar alivumilia mpaka mabehewa yaliposhtuka. Akafungua. Ilikuwa karatasi ya ofisi, na katikati yake jibu lililopigwa chapa. *Bado*. Chini ya neno hilo palikuwa na neno jingine, limefunikwa kwa X tano.

Aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. X zilikuwa zimeguswa kidogo tu, na chini yake *ndiyo* ilisomeka herufi kwa herufi.