Umefika Wapi?

Jumanne ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Linet alikuwa amefagia uwanja, amefua, amewafukuza kuku jikoni mara tatu, na sasa alikuwa anangoja majani chai. Mumewe, Willis, alikuwa ameondoka Karungu asubuhi na mapema na kreti ya samaki nyuma ya baiskeli, kwenda kuwauzia wachimbaji dhahabu kule Osiri, na kwa kawaida saa nane mchana alikuwa njiani kurudi. Linet akampigia simu kumkumbusha majani. Hakushika. Akapiga tena. Mara ya tatu akashika.

Kila mtu wa barabara ile alimjua Willis kwa shingo yake. Hakuwa mtu wa kusimamisha baiskeli ati aongee. Aliibana simu kati ya sikio na bega, kichwa kimelala upande, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukiwapungia watu. Wenzake walimtania kwamba iko siku shingo itakauka hivyo hivyo. Naye alicheka tu, akaendelea kukanyaga.

"Umefika wapi?" Linet akauliza, kama alivyouliza kila siku.

"Nimefika kwa daraja."

Akasikia upepo, mnyororo ukikwaruza, kisha honi ndefu ya lori. Mbao za kreti zikapasuka. Simu haikukatika. Linet alikaa nayo sikioni dakika nne nzima, akisikiliza gurudumu likizunguka peke yake mpaka likasimama.

Walipomweka kwenye jeneza, kichwa chake kilikuwa kimelala begani, upande wa simu. Watu wa mochari walijaribu kukinyoosha wakashindwa. Simu yenyewe, kioo kimepasuka, mama mkwe wa Linet, Phelesia, aliamuru izikwe naye mfukoni. Alisema kitu kilichommaliza mwanawe hakitabaki nyumbani kwake. Baiskeli ilibaki kituo cha polisi, imekunjika katikati.

Lakini kabla ya mazishi kulikuwa na kazi moja. Mtu akifia barabarani, watu wake huenda pale pale alipoangukia, wakamwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani, asije akabaki anazurura njiani. Phelesia alikuwa na magoti mabovu, na Linet, mjane wa siku tatu, hakuruhusiwa kutoka bomani. Akaenda Chrispine, mdogo wake Willis, peke yake. Alipofika darajani akawapigia simu, akaongeza sauti, akailaza simu kwenye nyasi ambazo zilikuwa bado na doa. Kazi ya miguu ikafanywa kwa simu, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Phelesia aliongea kwanza, akamlilia mwanawe. Kisha akamsukumia Linet ile simu.

"Mwite. Wewe ndiye uliyeongea naye mwisho."

Linet aliyajua maneno. Willis, twende nyumbani. Ni hayo tu. Lakini tangu Jumanne alikuwa amekufa ganzi mwili mzima. Asubuhi hiyo aliinua sufuria motoni kwa mikono mitupu, na waliopiga kelele walikuwa wengine. Akaweka simu sikioni, na mdomo ukasema ulichozoea kusema.

"Umefika wapi?"

Upande wa pili Chrispine akanong'ona.

"Shemeji, hiyo kengele ya baiskeli imelia huko kwenu ama huku?"

Walimzika Jumamosi. Jumatatu, saa nane mchana, jua kali, watu wote wameshaenda zao, simu ya Linet iliita. Jina lililoandikwa lilikuwa la Willis.

Sitasema alikuwa jasiri. Hakuogopa kwa sababu hakuwa na kitu chochote ndani yake cha kuogopea. Akashika. Upepo. Mnyororo.

"Nimefika kwa daraja." Ilikuwa sauti yake, yake kabisa, ile ya haraka yenye kicheko nyuma yake.

Honi. Mbao. Gurudumu likazunguka mpaka likasimama.

Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano pia. Linet akaanza kuingoja saa nane kama watu wanavyongoja taarifa ya habari. Alijua honi itakuja. Lakini kabla ya honi kulikuwa na yale maneno matatu, na duniani hakuna kitu kingine cha Willis alichokuwa amebakiwa nacho. Hakumwambia mtu.

Alhamisi alikuwa nyuma ya nyumba anachuma sukuma wiki, simu ameisahau mezani. Aliporudi aliikuta inaita, na tayari ilikuwa imeita mara tano bila kushikwa. Akashika.

"Nimefika kwa posho mill."

Kinu cha posho kiko mbele ya daraja, karibu zaidi na Karungu. Honi ikalia hapo hapo, na mbao zikapasuka.

Linet akaenda jikoni kwa Phelesia, akamweleza yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Phelesia alikuwa anachagua dagaa wa omena kwenye uteo. Mikono yake ikasimama.

"Ulimuuliza amefika wapi," akanong'ona. "Sasa anakuambia. Na kila ukishika, anaanguka."

"Nisiposhika?"

"Atafika."

"Halafu?"

"Halafu atalala, nyar Ndhiwa." Alimwita binti wa Ndhiwa, kwao kule Homa Bay alikotoka kuolewa, na alimwita hivyo siku za upole tu. "Atapumzika kama wengine. Lakini hutamsikia tena."

Ijumaa, Linet alifagia uwanja mara mbili. Hapakubaki hata unyoya wa kuku. Aliiweka simu mezani, akafunga mlango, akaketi juu ya mikono yake.

Saa nane ikafika. Simu ikaita.

Kwa daraja, akahesabu moyoni. Ikakatika. Ikaita tena. Akamwona akipita pale, shingo imelala, mkono unapunga. Ikakatika. Ikaita. Sasa ni kwa posho mill. Sasa ni kona ya kanisa. Sasa ni kwa kinyozi.

Mara ya saba mkono wake wa kulia ukatoka wenyewe chini ya paja. Akaurudisha. Ukatoka tena. Alimtaka. Hata na honi yake, alimtaka. Maneno matatu tu, halafu kesho angevumilia. Kidole kikagusa kioo cha simu, na hapo akakumbuka gurudumu lile, jinsi lilivyochukua muda kusimama. Akaondoa kidole.

Mara ya tisa. Kuku wakanyamaza.

Mara ya kumi. Kengele ikalia. Haikulia ndani ya simu. Ililia getini.

Linet hakugeuka. Simu ikaita mara ya kumi na moja. Mnyororo ulikuwa uwanjani sasa, unakwaruza polepole. Ukapita mlango. Ukafika dirishani. Breki zikalia kidogo. Kisha kanyagio likagonga ukuta, pale pale lilipogonga kila siku alipoegemeza baiskeli.

Simu bado inaita.

"Shuka," Linet akanong'ona. "Shuka kwanza, Willis. Tutaongea ukishuka."

Simu ikanyamaza.

Alingoja hatua. Hazikuja. Alipofungua mlango, uwanja ulikuwa mtupu, na jua lilikuwa limewaka kama kawaida. Katikati ya mavumbi aliyoyafagia kulikuwa na alama ya tairi, moja, imenyooka kutoka getini mpaka ukutani. Hapakuwa na nyayo. Hapakuwa na alama ya kurudi. Kwenye ukuta, chini ya dirisha, kulikuwa na mkwaruzo mpya, na udongo wake ulikuwa bado unadondoka.

Kizingitini mwa dirisha kulikuwa na pakiti ya majani chai. Juu ya pakiti kulikuwa na simu ya Willis, kioo kimepasuka, udongo mwekundu umejaa kwenye tundu la chaja. Ilikuwa inawaka. Jina lake lilikuwa limepangwa kutoka juu hadi chini: Linet, Linet, Linet. Mara kumi na moja, zote hazikushikwa. Alipokuwa bado anasoma, kioo kikazima.

Phelesia akapiga ukelele kutoka jikoni. Chrispine akatimua mbio kwenda kulitazama kaburi. Udongo ulikuwa vile vile, haukuguswa, na maua ya Jumamosi yalikuwa yamekaukia juu yake. Aliporudi alimkuta mama yake ameinama kwa magoti yake mabovu, anaifagia ile alama ya tairi huku analia na kushukuru. Mwanangu amefika, alikuwa anasema. Amefika.

Linet alikuwa amesimama dirishani na pakiti ya majani mikononi. Simu iliyozikwa alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, kichwa kimelala upande, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Chrispine akamwomba aishushe. Akamwambia imezima, shemeji, imekufa, haina chaji tangu mazishi.

"Ishike uone," Linet akamwambia.

Chrispine akanyoosha mkono, akaigusa. Ilikuwa bado ya moto, kama simu iliyotoka shavuni mwa mtu sasa hivi.