Umemeza?

Siku Tseng Kuo-jui alipomwona Hsieh Wan-chu kwa mara ya kwanza, sanamu ya mungu wa mtaa ilikuwa inatembezwa barabarani, na fataki zililipuka mlangoni pa duka lake la dawa hata mtu hakusikia alichoambiwa na mwenzake. Watu walijazana ndani wakitaka maji, plasta na kivuli. Katikati yao akapenya binti wa miaka ishirini na sita hivi, amevaa gauni la buluu la kazini, vipande vya uzi wa dhahabu vimemganda mikononi mpaka viwikoni, kiganja kimoja amekikandamiza juu ya kitovu. Akatoa karatasi ya hospitali. Kuo-jui akaisoma: kidonda cha tumbo, dawa ya kupunguza asidi, wiki nane.

"Kidonge kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula," akampigia kelele sikioni. "Kabla, si baada."

"Nimesikia. Nimekuja na tumbo bovu, usinirudishe na sikio bovu."

Mfamasia akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza.

Wan-chu alikuwa mtarizi wa mavazi ya sanamu za miungu. Kutwa alikuwa ameinamia hariri, bega likimuuma, naye akitafuna vidonge vya maumivu kama karanga, ndivyo tumbo lilivyochubuka. Nyama hakula, wala yai, wala maziwa. Alipokuwa na miaka ishirini aliweka nadhiri kwamba mama yake akitoka salama chumba cha upasuaji, yeye hataonja tena kitu cha mnyama wala hatasema uongo, hata ule mdogo wa kusifu supu mbaya ya jirani. Mama alitoka salama. Binti akashika neno lake.

Mjini Tainan watu husalimiana kwa kuulizana kama wamekula. Kuo-jui alikuwa na salamu yake. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alipiga simu.

"Umemeza?"

"Nimemeza, bwana mkubwa."

"Hebu toa ulimi nione."

"Kwenye simu?"

"Wewe utoe tu, nitausikia."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya wiki ya sita mtaa mzima ulijua kwamba yule mfamasia mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola ameshanaswa na mtarizi.

Wiki nane zikaisha, na karatasi ya daktari nayo ikaisha. Siku ya nne bila dawa Wan-chu akarudi dukani, kiungulia kimempanda mpaka kooni. Sasa sikiliza. Kuo-jui alijua kabisa ile ni nini. Tumbo lililozuiwa asidi miezi miwili, ukiliachia ghafla, hufoka siku kadhaa kisha likatulia lenyewe. Alichopaswa kumwambia ni kwamba avumilie, na lisipotulia arudi kwa daktari wake. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akamtazama yule binti, na nyuzi zake za dhahabu, akaona kwamba akipona hatakuwa na sababu ya kusimama tena mbele ya kaunta ile.

"Bado hujapona," akamwambia. "Endelea nayo. Karatasi usijali, mimi si nipo?"

Akampa boksi la mwezi mmoja, na mwezi uliofuata jingine. Walikuja kuwa wachumba, wakaitana A-Chu na A-Jui, hawakuhitaji tena kisingizio cha dawa, lakini mazoea yana tabu. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, mpaka wa nne. Kila asubuhi umemeza, kila asubuhi nimemeza.

Mwaka ule wa nne Wan-chu akabadilika. Vikombe vilimdondoka. Alilalamika kwamba miguu imekufa ganzi, kwamba amechoka, kwamba majina ya watu yanampotea. Kisha ikaja siku ya kwenda kumwona mama yake Kuo-jui rasmi. Mama wa watu alikuwa amepika uyoga na maharage ya soya namna saba, bila hata harufu ya nyama, akavaa hereni zake za jiwe la kijani la jade, akakaa mezani mpaka chakula kikapoa. Mkwe hakutokea. Kuo-jui akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Kwani leo kuna nini?"

"Nimekuambia mara tatu, A-Chu!"

"Mimi? Lini?"

Sasa kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu wa Taipei, ambaye gari lake lilikuwa halikauki mlangoni pa karakana alikotarizi Wan-chu. Kuo-jui akajumlisha mambo yasiyojumlika.

"Sema tu kwamba umenichoka," akamwambia.

"Sijakuchoka wewe, A-Jui. Nimechoka."

Akakata simu. Hebu fikiria. Mtu aliyesomea dawa miaka na miaka anaambiwa na mgonjwa kwamba amechoka, anasahau, miguu ina ganzi, naye asione ugonjwa, aone wivu. Miezi miwili hakupiga, na kila asubuhi alijisifu kwa kutopiga.

Aliyekuja kumfumbua macho ni mama yake Wan-chu, yule aliyewekewa nadhiri. Aliingia dukani na barua ya hospitali, maana yeye kusoma ni kwa tabu, na kati ya watu wote wa mtaa msomi aliyemwamini ni Kuo-jui. Akamsimulia kwamba binti yake alikuwa anamalizia joka kwenye joho la mungu, sindano ikamzama kidoleni mpaka kwenye mfupa asihisi kitu, akaendelea kushona. Alipostuka, tumbo la joka lilikuwa limelowa damu. Hekalu likalikataa joho, na kazi wakampa mwingine.

"Wameandika nini, mwanangu?"

Kuo-jui akasoma. Upungufu mkubwa wa vitamini B12. Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu imeumia. Vitamini hiyo hutoka kwenye nyama, mayai na maziwa, ambavyo mgonjwa hali. Na hata ile kidogo aliyoweza kuipata kwenye chakula, tumbo lisilo na asidi huinyonya kwa shida. Mgonjwa ametumia dawa ya kupunguza asidi miaka minne. Aliyempa: hakutajwa.

"Wameandika apumzike," akasema.

Alasiri ile alifunga duka, akaenda karakana. Pete aliyoinunua mwaka uliotangulia ilikuwa mfukoni. Wan-chu alikuwa amekaa mbele ya fremu tupu, amevaa gauni lilelile la buluu, ila mikononi hapakuwa na uzi hata mmoja.

"Daktari aliniuliza nani ananipa," akasema. "Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo. Sasa niambie wewe. Ulijua?"

Angeweza kusema hakujua. Lakini mbele ya mtu yule uongo ulimkwama.

"Nilijua ni wiki nane. Nilijua huli nyama. Kile kiungulia nilijua kingepita chenyewe."

"Kwa nini, A-Jui?"

"Niliogopa ukipona hutarudi."

Wan-chu akacheka kidogo, bila furaha.

"Mwaka ule wa kwanza ulipoenda kumzika mjomba wako, hukupiga simu wiki tatu, nami sikumeza. Kifua kiliwaka, kisha kikanyamaza. Nilijua nimepona."

"Basi kwa nini uliendelea?"

"Uliporudi ulipiga ukauliza, umemeza? Nikaogopa nikisema nimepona utaacha kunipigia. Na uongo siwezi. Kwa hiyo nilikuwa nameza kwanza, ndipo napokea simu."

Kuo-jui akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la nyuzi. Akamwambia atamuuguza maisha yake yote, atamletea sindano za vitamini mwenyewe, vidole vitarudi. Wan-chu akajibu kwamba daktari amesema miguu huenda ikarudi, vidole hakuahidi.

"Nakuomba unioe," akasema, kwa kuchanganyikiwa akakosea maneno. "Yaani nikuoe. Nipe mkono."

Akampa, akageuza uso akatazama dirishani.

"Umevisha?" akauliza.

Pete ilikuwa imeshafika shinani mwa kidole. Wan-chu akageuka, akaiona, akaivua taratibu akiifuata kwa macho, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto wa mwenzake. Akaiweka kiganjani mwa Kuo-jui, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Ningekuwa nayo siku zote nisijue kama ipo," akasema. "Sindano nitachomwa hospitali. Usipige tena."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, Kuo-jui alikaa na simu mkononi. Nje watu walikuwa wanafungua maduka, wanaulizana kama wamekula.