Nirudishie Mto Wangu

"Rudisha nyuma kidogo, wifi. Hapo hapo. Anasema nini?"

Wifi wa Sindano alisita, simu mkononi. "Achana nayo, wifi. Kaka yangu akiona kamera akili humtoka."

"Nimesema rudisha."

Kwenye simu alionekana mume wa Sindano, fundi wa redio za magari ambaye mtaa mzima ulimwita Besi, ameegemea gari lao kuukuu la bluu. Pembeni yake alisimama mtangazaji wa ukurasa wa magari ya zamani, dada mwenye kucha ndefu na kicheko kirefu zaidi.

"Huu muziki wote ulioko humu ulifunga na nani, fundi?"

"Mwenyewe. Peke yangu," Besi alijibu, kifua mbele. "Enzi hizo sikuwa na mtu. Ni mimi na muziki wangu."

Sindano alizima cherehani. Jina hilo alipewa na Besi mwenyewe zamani, kwa kuwa yeye hushona viti vya magari. Leo aliisukuma pembeni ngozi aliyokuwa anaikunja.

Hakuwa na mtu! Nani basi alimmulikia tochi akiwa kajikunja chini ya dashibodi, nyaya zimemzunguka shingo? Nani alizungusha kanda kwa kalamu ya wino redio ilipozitafuna? Siku ya kwanza kumtoa matembezi, Besi alifungulia muziki, taa za ekolaiza ya kurekebisha sauti zikacheza nyekundu na kijani, wakasikiliza hadi betri ikakata roho. Nani alivua viatu akasukuma gari hadi kwao, huku bwana mkubwa kashika usukani anampa moyo kwa mdomo?

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kumsalimia mtu asiye na mtu."

Karakana yao ilikuwa moja, imegawanywa kwa pazia: huku viti, kule redio. Sindano alipasua pazia kwa bega. Besi hakuwepo, alikuwa nje anaosha gari. Simu yake ililia juu ya meza, ujumbe wa yule mtangazaji ukajitandaza wenyewe kwenye kioo.

"Bado naufikiria upweke wako, fundi. Jumamosi kwenye maonyesho nataka kuisikia hiyo besi tukiwa wawili tu ndani."

Juu yake kulikuwa na jibu la Besi la asubuhi: "Kiti cha mbele ni chako."

Sindano alitoka na simu ile kama anabeba nyoka kwa mkia.

"Kiti cha mbele ni cha nani?"

Besi aligeuka, sifongo inachuruzika. "Mke wangu, hiyo ni biashara. Yule ana wafuasi wengi. Namchekea ili atutangaze."

"Atutangaze nani? Wewe huna mtu!"

"Watu wanapenda hadithi ya kijana mpweke. Ningesema nini, kwamba nilifundishwa muziki na mshona viti?"

Besi mwenyewe alijua kateleza, lakini kiburi kikamkataza kurudi nyuma.

"Rudia," Sindano alisema polepole.

"Namaanisha... wewe ulipamba tu. Ulivisha boksi kitambaa. Sauti ni kazi ya fundi."

"Nilipamba?"

"Ulipamba vizuri sana."

Sindano alifungua buti, akachukua bisibisi, akaanza kulegeza spika kubwa iliyokuwa kwenye boksi la mbao. Wifi mtu alifika anakimbia, akaona, akajishika kichwa.

"Wifi, usivunje!"

"Sivunji kitu. Nachukua changu." Alibandua ukanda wa ngozi alioukata kwa mkono wake kuziba upenyo kati ya spika na mbao. Kisha akazamisha mkono ndani ya boksi, akatoa sufi, bonge baada ya bonge, akaijaza kwenye khanga. "Unaikumbuka hii, Besi? Boksi lako lilikuwa linavuma kama pipa tupu. Ulikaa chini ukataka kulia. Nikakimbia nyumbani nikapasua mto wangu, mto pekee niliokuwa nao, nikaujaza humu. Sauti ikatulia, ukanibeba juu juu, ukasema utanioa. Mimi nililalia mkono wangu mpaka siku ya ndoa."

"Ndiyo, lakini ilikuwa zamani," Besi alinung'unika. "Siku hizi nina amplifaya ya kubomoa ukuta. Chukua matambara yako, spika nitaikaza mwenyewe."

"Asante. Na kiti cha mbele mpe umpendaye. Nitakuja kuona anavyokikalia."

Jumamosi uwanja wa maonyesho ulifurika magari ya zamani yanayoshindania tuzo ya muziki, kila moja buti wazi, kila moja linapiga kelele zake. Wazee wenye vitambi walibishana kuhusu kanda na ekolaiza kama vijana wanaogombea msichana. Wengine walibeba redio zao kwapani, vile walivyozichomoa enzi zile kwa kuwaogopa wezi.

Mtangazaji alijitupa kiti cha mbele, kamera inarusha moja kwa moja. "Ndugu watazamaji, huyu ndiye fundi mpweke aliyejenga kila kitu kwa mikono yake! Fundi, tupe besi!"

Besi alisukuma kanda ndani, akafungulia.

Kwanza ilikuja puuu, kama pampu ya baiskeli. Kisha boksi likavuma, likakoroma, likapiga filimbi pembeni. Besi akaongeza sauti. Likakoroma zaidi.

"Mbona kama umefungia fisi humo?" mzee mmoja aliuliza, umati ukavunjika mbavu.

"Fundi, hiyo ni besi au tumbo?"

Mtangazaji alishuka upesi, kicheko kimefupika. "Eh, fundi... kuna shida gani?"

Besi alihangaika na vitufe, jasho linamfikia kidevuni. Alipoinua kichwa alimwona mkewe kasimama mbele ya watu, amevaa gauni lake jekundu, kitu kimefungwa kwenye khanga kwapani. Hakucheka. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Nisaidie," Besi alinong'ona.

"Huna mtu."

"Mke wangu, tafadhali. Watu wanatazama."

"Siku uliyosema huna mtu pia walitazama. Sema ukweli kwa sauti ileile."

Besi aliangalia kamera, akaangalia boksi. Alizima redio. Kisha alimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Nilidanganya," alisema. "Nilikuwa na mtu. Mimi nilijua nyaya tu, masikio alikuwa nayo yeye. Alinisukumia gari akiwa pekupeku. Alipasua mto wake ili redio yangu iimbe. Huyu hapa, mke wangu. Na wewe dada, kiti hicho alikishona yeye. Sikuwa na haki ya kukugawia."

Uwanja ulipasuka kwa vifijo. Wifi mtu alipiga kigelegele hadi akakohoa. Mtangazaji alikusanya waya wake, akakumbuka ana gari jingine la kurekodi.

Besi alimsogelea mkewe, mikono mbele. "Nimesema yote. Sasa nipe hiyo sufi, mpenzi, niirudishe. Bado tunaweza kushinda."

Sindano alifungua khanga. Ndani kulikuwa na mto mpya, umeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono imekaza kama ngumi. Aliupiga kwenye kifua cha mumewe, akaupokonya tena kabla hajaukumbatia.

"Sufi imerudi kwao. Huu nalalia mimi, leo na siku zote. Wewe utaanza kulalia mkono wako, pale sebuleni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shingo ikukumbushe."

Akapanda gari, akaketi kiti cha mbele, mto mapajani. Besi alisimama kidogo, kisha akaingia nyuma ya usukani na kuzungusha ufunguo. Kimya. Muziki ulikuwa umekula betri.

Sindano alifungua mlango, akashuka, akazunguka upande wa dereva.

"Toka," alisema. "Leo usukani nashika mimi. Vua viatu."