Si Kila Panya Mweusi ni wa Ukoo Mmoja

Mtaani walimwita Mama Panya, naye hakukasirika. Kwa miaka tisa alikuwa akitunza panya wa maabara, wale wadogo wanaotumiwa na watafiti. Kila asubuhi alivaa koti jeupe na viatu vya mpira. Alibadilisha maranda kwenye vizimba, akajaza chupa za maji, kisha akaandika kadi. Kila kizimba kilikuwa na kadi yake: baba ni nani, mama ni nani, watoto wamezaliwa lini.

"Mama Panya, paka wetu anakusalimu!" majirani walimtania.

"Mwambieni nafasi za kazi zimejaa," aliwajibu, akaenda zake.

Jumatatu moja aliitwa ofisini na Daktari, yule mwanamke aliyesimamia utafiti. Siku zote Daktari alikuwa mchangamfu. Siku hiyo hata kiti hakumpa.

"Mama, unaikumbuka jeni tuliyoiondoa kwa panya wetu?"

"Ile ya moyo. Naikumbuka."

Jeni ni maagizo madogo yaliyo ndani ya mwili. Jeni hiyo husaidia kuujenga moyo. Kila panya hupata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Panya anayekosa nakala moja huishi vizuri tu. Anayekosa zote mbili hufa angali kiinitete, yaani mtoto aliyeanza tu kuumbika tumboni. Katika chumba cha Mama Panya, viinitete hivyo vilikufa siku ya kumi ya mimba. Kwa miaka miwili hakuzaliwa hata mmoja aliye hai.

"Mwezi huu wamezaliwa watano," Daktari alisema. "Sampuli za mikia yao zinasema hawana nakala hata moja. Lakini wako hai, wanakimbia! Nimezipima sampuli zilezile mara tatu. Nadhani namba zimechanganywa. Nani anaandika namba na kadi?"

"Mimi, Daktari."

"Ijumaa kamati ya utafiti inakaa. Kama kadi zetu haziaminiki, kazi hii itabidi apewe mtu mwingine."

Mama Panya alirudi vizimbani. Alijua hajachanganya namba. Miaka tisa hajachanganya hata moja. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo alilijua yeye peke yake.

Jioni hakugusa chakula. Mumewe, fundi cherehani, alimtazama.

"Kulikoni? Umenyamaza kama cherehani iliyokatika mkanda."

Akamweleza yote. Miezi mitano iliyopita, majike wa chumba chake walikuwa walezi wabaya. Walizaa, kisha wakawaacha watoto mpaka wakafa kwa baridi. Akaona huruma. Akaenda chumba cha tatu, akaomba majike wawili weusi kama wa kwake, walezi hodari. Akawaweka pamoja na dume lake lililokosa nakala moja. Watoto wao walipokua, akawapandisha wao kwa wao kama kawaida. Kwenye kadi aliandika "jike mweusi" tu.

"Sasa kosa liko wapi?" fundi aliuliza. "Si walikuwa weusi kweli?"

"Walikuwa weusi. Lakini wa chumba cha tatu ni ukoo mwingine. Tumekatazwa kuchanganya. Mimi niliona mweusi ni mweusi."

"Basi kamwambie Daktari. Mficha uchi hazai."

"Nikisema nitafukuzwa, baba watoto!"

"Na ukinyamaza utafukuzwa vilevile, tena kwa kosa ambalo hukulifanya. Kama ni kufukuzwa, si ufukuzwe kwa la kwako?"

Mama Panya hakutaka kucheka, ila kicheko kilimtoka. Akavuta sahani, akala kidogo.

Asubuhi alifika kabla ya wote. Daktari alipofungua mlango tu, akalisema lote bila kupumua. Daktari aliweka mkoba mezani.

"Majike wa chumba cha tatu? Una hakika?"

"Namba zao hizi hapa. Niliziandika kwenye daftari langu." Akalitoa mfukoni.

Daktari alisoma. Akarudia kusoma. Kisha akavuta kiti.

"Keti, mama. Hebu keti. Labda namba zako hazina kosa lolote."

Wakaenda wote vizimbani. Daktari akachukua sampuli mpya kwa mikono yake kutoka kwa wale panya watano, akaandika namba mwenyewe. Jumatano jibu likatoka, lilelile. Wote watano hawakuwa na nakala hata moja, na wote walikuwa hai.

"Sasa mimi sielewi," alisema Mama Panya. "Jeni imeondolewa ileile. Kule wanafa, huku wanaishi. Kwa nini?"

"Kwa sababu jeni haifanyi kazi peke yake," Daktari alisema. "Panya ana jeni maelfu. Sisi tumeondoa moja tu. Zilizobaki hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, hata kama rangi ni moja. Katika ukoo wetu, jeni hii ikikosekana, hakuna ya kuziba pengo. Katika ukoo wa chumba cha tatu huenda zipo zinazoweza kusaidia."

Mama Panya akafikiri.

"Dukani kwa mume wangu kuna anayeshona vifungo. Akiugua, mume wangu anavishona mwenyewe, na mashati yanatoka. Duka la pili, wa vifungo akiugua, kazi inalala. Hakuna mwingine anayejua."

"Ndiyo hivyo!" Daktari akapiga meza. "Aliyekosekana ni yuleyule. Waliobaki ndio tofauti. Hata kwa watu huonekana. Ndugu wawili wanaweza kurithi kasoro moja ya jeni. Mmoja akaugua sana, mwingine akaugua kidogo tu."

Ijumaa kamati ilikaa. Mama Panya alisubiri kwenye korido, roho mkononi. Walipomwita, walimpa barua ya onyo kwa kuchanganya koo bila ruhusa. Aliisoma mpaka mwisho akitafuta neno la kufukuzwa. Halikuwepo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufurahia barua ya onyo kiasi kile.

Tangu siku hiyo kadi zina mstari mpya: ukoo wa baba, ukoo wa mama. Hakuna anayehamisha panya bila kuujaza.

Kisha wakajaribu kwa utaratibu. Upande mmoja waliweka ukoo safi, upande wa pili mchanganyiko. Siku ya kumi na mbili ya mimba, Daktari aliviangalia viinitete kwa hadubini. Katika ukoo safi, vilivyokosa nakala zote mbili vilikuwa vimekufa vyote. Katika mchanganyiko, vingine vilikuwa vimekufa. Vingine vilikuwa hai.

"Njoo uone," alisema.

Mama Panya akainama. Akaona kitu kidogo kuliko punje ya maharage, na ndani yake kitone chekundu kikidunda, kikidunda. Machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona.

"Daktari, nisamehe. Nilipaswa kukwambia tangu mwanzo."

"Ulipaswa, ndiyo," Daktari alisema. "Lakini uliniambia kabla ya Ijumaa. Ungenyamaza, wale watano ningewatupa. Ningeandika kwamba mtunza panya alikosea namba, na ningeamini hivyo maisha yangu yote."

Mama Panya akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akainama tena kwenye hadubini, maana moyo ule ulikuwa bado unadunda.